Kulala Guangzhou: jinsi ya kuchagua hoteli ya kati na kukaa humo bila usumbufu

Mfanyabiashara wa Kariakoo au Eastleigh anayekwenda Guangzhou kwa mara ya kwanza huwa ameshapiga hesabu ya tiketi, viza, mzigo na ushuru wa bandarini. Hoteli anaiacha mwisho, akijiambia atapata tu akifika. Nashauri afanye kinyume. Nchini China hoteli ndiyo anwani yako mbele ya polisi, ndiko sampuli zako zinakopokelewa, na ndiyo inayoamua kama utafika sokoni kwa dakika kumi au kwa saa nzima ya kubadilisha treni. Ukiikosea, utailipia kila siku ya safari.

Hoteli ya kati ninayoizungumzia ni ile ya yuan 250 hadi 500 kwa usiku, siku za kawaida. Bei ni ya chumba, haihesabiwi kwa kichwa. Majina utakayokutana nayo mara nyingi ni Ji Hotel, Atour, Vienna na Lavande, pamoja na hoteli nyingi zisizo na mtandao wa matawi. Zenye matawi zina faida moja kubwa kwa mgeni: ukishalala kwenye moja, unajua nini kinakusubiri kwenye nyingine, iwe Guangzhou, Yiwu au Shanghai.

Hatua ya 1: Tazama kalenda kabla ya bei

Maonyesho makubwa ya biashara ya Guangzhou, Canton Fair, yamekuwepo tangu 1957 na hufanyika mara mbili kwa mwaka huko Pazhou. Ya masika huanza Aprili 15 na kumalizika Mei 5. Ya vuli huanza Oktoba 15 na kumalizika Novemba 4. Kila msimu una awamu tatu za siku tano tano: kwanza elektroniki na mashine, kisha vyombo vya nyumbani na zawadi, mwisho nguo na vitambaa. Siku hizo bei za vyumba hupanda sana mji mzima, na hoteli za karibu na Pazhou hujaa mapema. Kama huendi kwenye maonyesho, zikwepe kabisa. Kama unakwenda, weka nafasi mapema kwa tarehe za awamu yako tu, uhame maonyesho yakiisha.

Zipo tarehe nyingine mbili. Wiki ya kwanza ya Oktoba ni sikukuu ya taifa na Wachina wengi husafiri. Halafu kuna mwaka mpya wa Kichina, unaoangukia kati ya mwishoni mwa Januari na katikati ya Februari. Wakati huo hoteli inaweza kuwa rahisi, lakini utalala bila faida: viwanda na masoko ya jumla hufungwa kwa siku nyingi, na wafanyakazi wamekwenda makwao.

Hatua ya 2: Chagua mtaa kufuatana na mzigo unaotafuta

Guangzhou ni mji mkubwa mno. Usichague hoteli kwa picha ya chumba, chagua kwa kituo cha metro.

Mgeni wa mara ya kwanza ningempeleka Xiaobei, kwenye njia namba 5 ya metro. Hapo ndipo Waafrika, Waarabu na Waislamu wa China wanapokutana kwa miaka mingi. Utasikia Kiswahili mtaani, utapata chakula cha halali hata usiku, na mawakala wa mizigo wa kwetu wako karibu. Kasoro yake ni kwamba hoteli nyingi za eneo hilo ni kuukuu, na kwa pesa ileile ungepata chumba kizuri zaidi vituo vichache mbele. Safari ya pili, ukishajua mji, usione haya kuhama.

Anayefuata nguo na viatu akae karibu na kituo cha reli cha Guangzhou, yaani Guangzhou Railway Station, kituo kimoja tu kutoka Xiaobei. Soko la nguo la Baima na masoko ya viatu na saa ya Zhanxi yako hapo. Wa mikoba na bidhaa za ngozi asogee Sanyuanli, kituo kinachofuata kwenye njia namba 2. Wa vitambaa atazame soko la Zhongda, upande wa kusini wa mto, kwenye njia namba 8. Njia hiyohiyo ndiyo inayokwenda Pazhou, kwa hiyo anayechanganya vitambaa na maonyesho atafaidika sana akilala upande huo. Fenicha na vigae viko Foshan, mji jirani. Hivyo ni afadhali uvitengee siku mbili au tatu na kulala hukohuko kuliko kwenda na kurudi kila siku.

Muislamu anayejali kuswali Ijumaa msikitini azingatie kwamba Msikiti wa Xianxian uko umbali mfupi kutoka Xiaobei, karibu na Hifadhi ya Yuexiu. Msikiti wa kale wa Huaisheng uko mtaa wa Guangta, karibu na kituo cha Ximenkou cha njia namba 1.

Hatua ya 3: Weka nafasi, na usome maelezo ya chumba neno kwa neno

Programu ya Trip.com ina lugha ya Kiingereza na inapokea kadi za nje. Ukiwa humo, bei isikukimbize. Fungua maelezo ya chumba utafute mambo haya.

La kwanza ni dirisha. Hoteli nyingi za China zina vyumba visivyo na dirisha kabisa, na ndivyo vinavyoonekana vya bei nafuu juu ya orodha. Vingine vina dirisha linalotazama korido. Kwa usiku mmoja unaweza kuvumilia. Kwa wiki mbili, katika mji wenye joto na unyevu kama Guangzhou, nguo zitanuka na kichwa kitauma. Maandishi 有窗 maana yake lipo, 无窗 maana yake halipo.

La pili ni kitanda. 大床房 ni chumba cha kitanda kimoja kikubwa, 双床房 ni cha vitanda viwili. Wafanyabiashara wawili wanaochangia gharama wasijaribu kukisia kwa picha.

La tatu ni moshi wa sigara. Tafuta 无烟房, chumba kisichovutiwa sigara. Hata hivyo ukifika unuse kabla ya kufungua begi, na kama kinanuka omba ubadilishiwe palepale.

La nne ni masharti ya kughairi. Kama viza yako haijatoka, chukua nafasi inayoweza kughairiwa bila makato hata ikizidi bei kidogo. Halafu soma maoni ya wageni waliotangulia, hasa ya miezi ya karibuni, uone kama yupo mgeni wa kutoka nje aliyelala hapo.

Hapo pana jambo la kusema wazi. Kwa miaka mingi hoteli ndogo za China zilikuwa zikiwakataa wageni wa kigeni kwa madai kwamba hazina kibali cha kuwapokea. Mwezi Mei 2024 serikali ya China ilieleza kwamba hoteli haipaswi kumkataa mgeni kwa sababu hiyo. Hata hivyo, mapokezi mengine hayajui kutumia mfumo wa kusajili pasipoti, na wengine hawataki usumbufu. Waafrika tuna kumbukumbu nyingine pia: Aprili 2020, wakati wa Uviko-19, wengi walitolewa kwenye nyumba na hoteli za Guangzhou wakajikuta barabarani. Nayataja haya kwa sababu mtu anastahili kusafiri akijua. Kinga yake ni ya kawaida: siku mbili kabla ya kufika, tuma ujumbe kwenye hoteli kupitia programu uliyotumia, uliza kama wanapokea pasipoti ya nchi yako, na hifadhi jibu lao. Ukikataliwa mlangoni wakati una nafasi iliyothibitishwa, waonyeshe ujumbe huo, kisha piga simu huduma kwa wateja ya programu ukiwa umesimama hapohapo. Waliochukua pesa yako ndio wenye wajibu wa kukutafutia pengine. Namba ya serikali ya malalamiko ni 12345.

Hatua ya 4: Andaa simu na pesa ukiwa bado nyumbani

Google, WhatsApp, Facebook, Instagram na YouTube zimezuiwa nchini China, na wi-fi ya hoteli haitakusaidia kwa hilo. Laini ya nyumbani iliyofunguliwa roming kwa kawaida hupita, kwa sababu data yake huzungukia kwenye mtandao wa nchi ilikotoka. Ni ghali, kwa hiyo nunua bando la roming kabla ya kuondoka. Laini hiyo utaihitaji pia kupokea namba za siri za benki kwa ujumbe mfupi. Programu ya tafsiri ipakue pamoja na lugha ya Kichina ili ifanye kazi bila intaneti.

Sakinisha Alipay na WeChat, programu za kulipia kwa simu, ujisajili kwa pasipoti, uunganishe kadi yako ya Visa au Mastercard. Ijulishe benki kwamba utalipia China, vinginevyo watafunga kadi kwa kuhofia wizi. Kwa kadi za nje, malipo yasiyozidi yuan 200 hayana makato, yakizidi hukatwa asilimia 3. Kwa chai na teksi hutaona tofauti. Kwa hoteli utaiona: chumba cha yuan 380 kwa usiku nane ni yuan 3,040, na makato yake ni zaidi ya yuan 91. Ndiyo maana hoteli ni afadhali uilipe mapema kwenye programu ya kuwekea nafasi, au kwa pesa taslimu. Mashine za kadi kwenye hoteli za kati mara nyingi hutambua kadi za UnionPay tu, yaani za mtandao wa China.

Dola badilisha benki, ukiwa na pasipoti. Wale wanaokuita pembeni mwa barabara Xiaobei wakikuahidi bei nzuri waache wapite, maana noti bandia ya yuan 100 huijui mpaka uikabidhi mtu akurudishie.

Mwisho, piga picha ya skrini ya jina la hoteli, anwani yake kwa Kichina na namba yake ya simu. Dereva wa teksi hatasoma herufi zetu.

Hatua ya 5: Mapokezi

Kuingia ni kuanzia saa nane mchana. Ukifika asubuhi, acha mizigo mapokezi bila malipo ukaendelee na shughuli.

Watachukua pasipoti, watapiga picha ukurasa wa picha yako, viza na muhuri wa kuingia, na huenda wakapiga picha uso wako. Usikasirike. Sheria ya China inataka kila mgeni wa kigeni asajiliwe polisi ndani ya saa 24 tangu afike mahali anapolala, na hoteli hufanya hivyo kwa niaba yake. Hii ndiyo faida ya hoteli ambayo watu hawaihesabu. Ukihamia kwa ndugu au rafiki ili kuokoa hela, wajibu wa kwenda kituo cha polisi ndani ya saa 24 unakuwa wenu, na asiyejisajili anaweza kupewa onyo au kutozwa faini isiyozidi yuan 2,000. Kila mtu anayelala chumbani lazima asajiliwe. Mkiwa wawili, toeni pasipoti mbili.

Hapohapo hesabu siku za viza yako upya. Kinachohesabiwa ni siku ulizoruhusiwa kukaa, usizichanganye na tarehe ya mwisho ya kuitumia viza kuingilia. Kuzidisha ni faini ya yuan 500 kwa kila siku hadi kikomo cha yuan 10,000, na unaweza kuwekwa kizuizini.

Kisha watakuomba amana, inayoandikwa 押金, mara nyingi kati ya yuan 100 na 500. Ukiitoa taslimu, utapewa karatasi. Itunze pamoja na pasipoti, kwa sababu siku ya kuondoka huenda ukamkuta mhudumu mwingine ambaye hakuona pesa yako. Hoteli nyingine haziitaki ukishalipa kila kitu kabla.

Usiondoke mapokezi bila kadi ya hoteli yenye anwani ya Kichina. Na ukitoka mtaani, pasipoti iwe mwilini: sheria inamtaka mgeni mwenye miaka 16 na zaidi atembee nayo, na ukaguzi wa polisi Xiaobei na Sanyuanli ni jambo la kawaida. Nakala kwenye simu haitoshi.

Hatua ya 6: Dakika kumi za kwanza chumbani

Kadi ya mlango ndiyo inayowasha umeme, ichomeke kwenye kidude kilicho ukutani karibu na mlango. Kwenye hoteli nyingi kadi hiyohiyo ndiyo inayoruhusu lifti kwenda ghorofa yako.

Fungua bomba la maji ya moto, vuta maji chooni, washa kiyoyozi. Rimoti mara nyingi ni ya Kichina: 制冷 ni ubaridi, 制热 ni joto, 除湿 hukausha unyevu. Hiyo ya tatu utaishukuru Machi na Aprili, kuta za Guangzhou zinapotoa maji. Tatizo lolote lisemee sasa hivi, wakati bado kuna vyumba vya kubadilisha.

Bafu la ukuta wa kioo ni mtindo wa kawaida huko. Mara nyingi lipo pazia. Kama hamjuani vizuri na mwenzako wa chumba, ulizeni kabla ya kufungua mabegi. Umeme ni volti 220, karibu sawa na wetu, lakini plagi zetu za miguu mitatu minene haziingii, kwa hiyo beba adapta.

Maji ya bomba hayanywewi. Kuna birika la umeme na kwa kawaida chupa mbili za maji za bure kila siku, na ukiomba nyingine hupewa. Vitu vingine mezani, kama soda, biskuti na vipakiti vidogo pembeni ya kitanda, tazama kama vina bei kabla ya kugusa. Ukikuta kadi za masaji zimesukumwa chini ya mlango, zitupe. Hazitoki hotelini, na wanaozifuata huishia kuporwa.

Akina dada, jambo moja lenu: hina, rangi ya nywele na mafuta yenye rangi huacha alama kwenye mashuka meupe na taulo, na hoteli hutoza fidia. Beba taulo la giza la kutumia mwenyewe na kanga ya kutandika juu ya mto. Na jiko dogo la umeme la kusongea ugali liache nyumbani. Kupika chumbani kumekatazwa, kengele za moshi zinafanya kazi, na hatari ya moto ni ya jengo zima.

Hatua ya 7: Siku za katikati

Chai ya asubuhi, kama imo kwenye bei, ni uji mweupe wa mchele, mayai ya kuchemsha, tambi, mboga, maziwa ya soya na maandazi ya mvuke. Yaliyojazwa nyama, chukulia ni nguruwe mpaka uhakikishiwe vingine. Asiyekula nguruwe ashike mayai, matunda na uji mtupu, kisha mchana atafute mgahawa wenye maandishi 清真, yaani halali. Vijiduka vya tambi za Lanzhou vyenye alama hiyo viko karibu kila mtaa na ni vya bei nafuu.

Ulizia chumba cha kufulia. Hoteli nyingi za kati zina mashine za kufua na kukausha ambazo wageni hutumia bila malipo, na hilo linakupunguzia nguo za kubeba. Lugha isikuogopeshe: andika sentensi fupi kwenye programu ya tafsiri, jambo moja kwa wakati. "Naomba taulo mbili, chumba 1208." Na usishangae taulo zikiletwa na roboti inayopanda lifti yenyewe.

Mgeni akija kukutembelea chumbani, aje na pasipoti na aandikishwe mapokezi. Ukimpitisha kimyakimya unajitafutia wewe matatizo na polisi, na yeye pia.

Kuhusu bidhaa, sampuli na vifurushi vidogo vinaweza kuletwa hotelini ukiandika jina lako lilivyo kwenye pasipoti, namba ya chumba na simu. Katoni kubwa zisije kabisa. Mwelekeze muuzaji azipeleke moja kwa moja ghala la wakala wako zikiwa na alama yako ya mzigo, kisha uende kuzihesabu hukohuko. Aliyejaza chumba katoni atalipia teksi mara mbili.

Saa za China ziko mbele ya zetu kwa saa tano. Saa mbili usiku Dar ni saa saba usiku Guangzhou, kwa hiyo wape wa nyumbani saa ya kukupigia, vinginevyo hutalala. Namba za dharura ni 110 polisi, 120 gari la wagonjwa na 119 zimamoto.

Hatua ya 8: Kuondoka

Mwisho wa kukaa chumbani kwa kawaida ni saa sita mchana. Ndege nyingi za kurudi kwetu huondoka usiku, kwa hiyo usiku uliotangulia uliza mambo mawili: kama wanaweza kukuongezea saa moja au mbili bure, na bei ya nusu siku hadi saa kumi na mbili jioni. Ukiona ni ghali, toka saa sita, acha mabegi mapokezi, malizia ununuzi mdogo.

Rudisha kadi zote, toa karatasi ya amana, subiri wakague chumba, uhesabu pesa yako kabla ya kusogea. Ikirudishwa kwenye kadi ya benki inaweza kuchukua siku kadhaa. Ukihitaji stakabadhi rasmi kwa hesabu za kampuni, omba fapiao, na ulete jina la kampuni likiwa limeandikwa kwa herufi kubwa.

Pima mabegi hotelini. Kama mapokezi hawana mizani, wakala wako wa mizigo anayo. Ukiwa unapanda ndege ya ndani, mathalani kwenda Yiwu, kumbuka kwamba tangu Juni 28, 2025 chaja za kubebea umeme (power bank) zisizo na 3C, alama ya usalama ya China, haziruhusiwi kwenye ndege hizo.

Metro ya njia namba 3 inafika uwanja wa ndege wa Baiyun, lakini treni za mwisho huondoka kabla ya saa sita usiku na ngazi ni nyingi kwa mtu mwenye mabegi mawili ya kilo 23. Omba mapokezi wakuitie gari la DiDi, teksi ya kuitwa kwa simu, na jengo la kuondokea lihakikishe kwenye tiketi kabla dereva hajang'oa nanga, kwa kuwa Baiyun lina zaidi ya moja na hayako karibu karibu.